Kuhusu Mbwa Aliyechukua Nafasi Yangu ya Mume

Woodley,
Nairobi.
17 Juni 2006

Bw. Jamleck Thuo,
Mwenyekiti, Mpango wa Mbwa wa Faraja kwa Wazee,
Lavington.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hasa Kibe ninayeketi naye darasani, kwa kuwa angelitangaza hadi kwa mpishi wa shule. Mimi niko kidato cha pili na ni mume wa mtu. Nimekuwa mume tangu siku niliyozaliwa.

Naomba nieleze. Sisi Wakikuyu humpa mvulana wa kwanza jina la babu yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo nyanya yake humwita mume wake. Babu yangu Ndungu alifariki kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake. Nyanya yangu, Cucu Wanjira, ninayeishi naye sisi wawili tu, huniita "mzee wangu" mbele ya wageni, wauza mboga na mchungaji. Ni cheo cha heshima. Kina haki zake pia, na hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Mwezi wa tatu mjumbe wenu, Bi Hiral, alipita hapa akitafuta wazee wapweke wa kupewa mbwa walioachwa na wenyewe waliohama nchi. Nilimwona akifungua geti, nikaingia chumbani na atlasi yangu, kama nifanyavyo mgeni yeyote ajapo. Alimuuliza Cucu kama anaishi peke yake. Cucu akasema hapana, anaishi na mzee wake, yuko chumbani, ana mtihani wa jiografia kesho, na tafadhali wasiongee kwa sauti maana huwa anaona haya.

Nikasikia viatu vya Bi Hiral vikisogea hadi ukutani, vikasimama. Ukutani sebuleni pana picha ya babu, na chini yake mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki, 1987.

Bi Hiral akauliza kwa upole mwingi, "Na anakula vizuri, mama?"

Cucu akajibu kwamba anakula sana, hasa chapati, ila soksi zake hafui, anazificha chini ya kitanda.

Bi Hiral alitoka nje akakupigia simu karibu na dirisha langu. Nilimsikia akikwambia kwamba mama huyu asiwekwe kwenye foleni. Jumamosi hiyo akaletwa Bruno, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumbani kwetu firigisi ya kuku ni ya mume. Siku ya Pasaka Cucu aliikata vipande viwili, kimoja akampa Bruno, akisema ni mgeni. Mwenyekiti, mgeni huja na mkoba na huondoka. Bruno amepewa blanketi.

2. Kiti cha babu kilicho dirishani nilikirithi pamoja na jina. Kila jioni nikitoka shule namkuta Bruno amekikalia, akitazama barabara kama mwenye nyumba anayewasubiri wapangaji wake. Nami nasomea kwenye kigoda cha jikoni.

3. Bruno alitoka Lavington akijua Kiingereza pekee. Cucu amemfundisha Kikuyu, na kwa kuwa hajibu, anasifiwa kwamba hakosei. Mimi nikijibu nasahihishwa kila neno.

4. Hili ndilo zito. Zamani nilikuwa nikimsomea Cucu gazeti, naye akibishana na gazeti. Siku hizi humtembeza Bruno hadi madukani, na kila mtu husimama kumuuliza mbwa huyo anaitwaje. Mzee Mbithi, jirani wa nyuma ambaye hatukuwahi kumsikia hata akikohoa, sasa huja na mifupa na haondoki kabla ya birika mbili za chai. Hucheka mpaka nakosa pa kusomea. Juzi nilisoma ukurasa mzima kuhusu bei ya maziwa, nikainua macho, nikakuta Cucu yuko uani akimchana Bruno manyoya. Nilikuwa nikiusomea ukuta.

5. Kwa hivyo, Mwenyekiti, upweke haukutoka nyumbani kwetu. Umehama chumba tu.

6. Naomba Bruno achukuliwe. Ikiwa haiwezekani, naomba niandikishwe mimi. Nimesoma masharti yenu na nayatimiza yote: nimechanjwa, siumi, sibweki, silambi wageni, na nimezoea kukaa ndani. Naomba nipangiwe mzee mpweke asiyeishi mbali na shule. Namfahamu mmoja hapa Woodley. Siku hizi si mpweke, lakini hilo ni kosa lenu.

Tumeambiwa kwamba Bi Hiral atakuja Jumanne kukagua, na kwamba mzee akionekana ana mtu wa kuishi naye, mbwa atapelekwa kwa mwingine huko Waithaka. Siku hiyo nitatoka chumbani mwenyewe, nimpe mkono, nimwambie kwamba mume ni mimi na niko hai.

Wasalimie wajumbe wote, wazee wote, na mbwa wote isipokuwa mmoja.

Ni mimi, mume aliyesimamishwa kazi,
Ndungu

Tanbihi: Mwenyekiti, barua hii hutaipata. Jumanne niliwahi kutoka shule, nikapitia kwa Mzee Mbithi na kuingia kwa mlango wa nyuma. Cucu alishtuka, kisha akanigombeza kwamba nimemharibia Bruno kazi. Alisema macho yake mwenyewe hayaoni tena barabara. Humkalisha Bruno pale dirishani makusudi. Akisimama kitini, Cucu hujua nimefika kwenye kona, naye hubandika chai. Kabla ya Bruno, alisema, aliibandika tangu saa nane na kuipasha hadi ikawa dawa, kwa kuwa mchana kutwa hakuwa na kazi nyingine ila kuningoja. Sikuwahi kumuuliza hufanya nini nikiwa shuleni.

Ndipo geti likalia. Nilikuwa nimeshachana nywele. Nikaingia chumbani, Bruno nyuma yangu.

Bi Hiral aliuliza kama mzee bado yupo. Cucu akasema yupo, tena amerefuka, suruali zote zimekuwa fupi. Bi Hiral akauliza, polepole sana, kama anaweza kumwona. Cucu akaniita. Akaniita tena.

Niliingia chini ya kitanda, kwenye soksi. Bruno alinifuata, akaweka kichwa mgongoni mwangu. Nikamshika mdomo, nikanyamaza kama mtu aliyefariki mwaka wa 1987.