Mashine Inayosoma Matundu

Jumatatu, 4 Machi 1957

Habari nzito! Mashine inakuja! Mzee Uweso, karani wetu mkuu, katutangazia asubuhi: kampuni imeagiza mashine ya hesabu kutoka Ulaya. Haiumwi, haiombi ruhusa ya mazishi. Unailisha kadi zenye matundu, inasoma matundu, inatema jumla. Makarani tuko wawili, mimi na Ernesti. Mmoja atafunzwa kuiendesha. Mwingine anapelekwa shambani Pongwe, kuandika mahudhurio ya wakata mkonge. Uamuzi Jumatatu ijayo.

Mimi, Pongwe? Miaka minne nahesabu marobota ya mkonge bandarini mpaka nayaota. Akili inashika kutu. Lazima nipate ujuzi mpya, na haraka. Nimeandika orodha: taipu, hati mkato, umeme, Kijerumani. Kijerumani nimekifuta, wenyewe walishaondoka. Nimechagua taipu.

Jumanne, 5 Machi

Taipu sina. Si neno. Nimechora herufi zote kwa mkaa juu ya kibao cha mama cha kusukumia chapati. A, B, C, D, kwa mpangilio wa watu wenye akili. Kufika magharibi vidole vinakimbia vyenyewe! Mama kauliza chapati zake zimeingiwa na nini, mbona nyeusi. Nimemwambia ni maendeleo. Kasema basi maendeleo hayo niyale mwenyewe. Nimekula saba.

Jumatano, 6 Machi

Aibu. Nimemwomba Ernesti anipishe kwenye taipu ya ofisi. Huyu Ernesti ni Mbondei, kasoma misheni, shati lake halina hata kunjo moja. Simpendi. Nikafumba macho, nikapiga jina langu, Miraji, haraka haraka. Karatasi ikatoka imeandikwa DOKQPO. Ernesti kaisoma kwa sauti, kainama, kasema karibu sana Bwana Dokqpo, za huko utokako? Mzee Uweso kacheka mpaka kofia ikaanguka.

Aliyepanga herufi za mashine ile alikuwa mlevi. Taipu haina maisha. Nimeiacha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Mashine inayokuja inasoma nini? Matundu! Basi nijifunze matundu. Ernesti na taipu yake atabaki anashangaa.

Mchana Mzee Uweso alipokwenda kuswali nimefungua kabati. Nimekuta bunda la vipande, zile kadi za kazi za manamba wa shambani. Kila mtu na kipande chake, viraba thelathini, kiraba kimoja siku moja. Zimekunjika, zina jasho na utomvu wa mkonge. Nikajua ni za zamani, za kutupwa. Nimezibeba hadi nyumbani Chumbageni, nikaazima sindano nene kwa fundi viatu. Nimetoboa kadi arobaini! Safu, mshazari, nyota. Moja nimeiandika jina langu lote kwa matundu. Dada yangu Mastura kauliza kama nimewauliza wenyewe. Nimemwambia asiingilie mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimezirudisha kabatini mapema, kimya kimya. Ile ya nyota nimeiweka juu kabisa, kipaji kionekane.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwisha.

Vipande havikuwa vya zamani. Ni vya sasa hivi, vililetwa kukaguliwa. Na kule Pongwe (nani aliniambia?) siku mtu asipofika kazini, mnyapara anakitoboa kiraba chake kwa msumari. Kwa hiyo watu arobaini nimewafanya watoro!

Wamekuja na lori la kampuni. Mmoja wao, Rafaeli, jitu refu lenye sauti ndogo, kakiinua kipande chake dirishani, jua likapenya kila mahali. Kaniuliza kwa upole, na upole wenyewe wa kutisha: karani, siku ya kumi na nne mwiba wa mkonge ulinichana hapa, kovu hili hapa, leo wasema sikuwepo? Mwenzake kasema cha kwake atampelekea mkewe achujie tui. Wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakanitazama. Rafaeli kasema asipotimiza siku thelathini hapewi ruhusa ya kwenda kwao, na kwao ana mtoto wa miezi mitano hajamtia machoni.

Nikaviangalia viatu vyangu. Vinahitaji rangi.

Ernesti kapanda baiskeli, kaenda Pongwe kuchukua daftari la mnyapara, karudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kapiga taipu kadi arobaini upya, moja moja, mpaka alasiri. Rafaeli kapata ruhusa yake. Kamshika Ernesti mkono kwa mikono miwili. Mimi kanipita kama mlango.

Lakini matundu yangu yamenyooka kuliko ya mnyapara. Hilo hakuna aliyelisema.

Jumatatu, 11 Machi

Mashine kapewa Ernesti. Mimi Pongwe. Nimemweleza Mzee Uweso kwa adabu kwamba katika ofisi hii hakuna mtu aliyetoboa kadi nyingi kunishinda. Kasema, kweli mwanangu, ndiyo maana unakwenda.

Watu wa zamani hawawezi kutambua ujuzi.

Ijumaa, 15 Machi, Pongwe

Mbu. Vumbi. Ugali. Lakini sikilizeni! Dereva wa lori kasema kule Amani wataalamu wa malaria wanatafuta kijana mwenye mazoea ya kutazama wadudu kwa kioo cha kukuzia. Hatimaye ujuzi wenye maisha! Taipu na matundu vilikuwa vinanipotezea wakati tu.

Nimeanza leo leo. Nimeshaona mguu wa mbu, una manyoya! Kioo nimekibandua kwenye miwani ya mnyapara, Mzee Shehe, aliyoiacha mezani akienda kutawadha. Nimechukua kimoja tu, mimi si mroho. Sasa hivi namsikia huko nje analigombeza pipa la maji, analiuliza kwa nini limesimama tu wakati wenzake wako kazini.

Kesho nachukua kioo cha pili. Mbu ana miguu sita.