Mkurugenzi Yumo Sikioni

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Nyansiongo kwamba ofisi yetu ya mifugo imefikia kilele cha mawasiliano. Tangu tuanze kutumia visikizi visivyo na waya, hakuna mwananchi hata mmoja aliyejibiwa vibaya. Hakuna aliyejibiwa.

Mimi ni Andrew Nyangau, Naibu Msimamizi. Watu huniita daktari, nami sipendi kuwakatiza watu wakiongea. Visikizi vyangu nilivinunua mjini Kisii, dukani kwa Umesh, vya bei nafuu kabisa. Umesh ni mtu mkweli. "Betri yake ni kama mgeni mwenye haraka, Bwana Nyangau," alinionya. "Usiizoee." Kweli, mwezi haukuisha kabla cha kushoto hakijakufa, na cha kulia kikawa kinasema neno moja la Kichina na kunyamaza.

Hapo ndipo nilipogundua jambo kubwa la kiutawala: kisikizi hakihitaji chaji. Kinahitaji sikio tu. Ukikivaa, ukakunja uso na kusema "Ndiyo, Mkurugenzi," mwananchi hurudi nyuma mwenyewe, kwa adabu. Mkurugenzi alikuwa mpya kazini, yuko makao makuu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Sheila wa mapokezi akanunua vyake. Dereva naye akanunua. Utaratibu huo tukauita Mfumo Jumuishi wa Usikivu.

Asubuhi moja akaingia Bathsheba Nyamoita, mama wa makamo, gambuti zimejaa matope.

"Bwakire, daktari," alinisalimu Kigusii. "Ng'ombe wangu amezaa jana, leo hawezi kusimama. Shingo ameipinda hivi. Nisaidie, ananifia. Karo ya Linda wangu iko kwa huyo ng'ombe."

Nikainua kidole. "Ndiyo, Mkurugenzi. Kabisa, Mkurugenzi."

Akaketi kwenye benchi, akingoja, miguu haitulii. Nikainama ninywe chai kidogo, na kisikizi kikachomoka sikioni kikatumbukia kikombeni. Chubwi! Lakini afisa mwenye uzoefu hababaiki.

"Naam, Mkurugenzi," niliendelea, "nakusikia vizuri sana."

Bathsheba akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Kisha akainuka, akatoka. Nilihesabu kwamba mteja ameridhika.

Hakukawia. Alirudi na visikizi vyeupe vya kibandani pale sokoni, kitambaa cha kichwa amekisukuma nyuma ili vionekane. Safari hii hakunisalimu.

"Ndiyo, Mkurugenzi," alisema, akiutazama ukuta. "Niko hapa ofisini kwake. Nyangau, ndiyo, huyo huyo. Anakunywa chai. Hapana, Mkurugenzi, usikasirike, presha itapanda. Gari liko, ninaliona. Eh? Umfute leo leo? Wacha kwanza nimuulize kama anakuja."

Nilikuwa nimeshasimama. Sheila alivua vyake haraka. Dereva, ambaye huwa hapatikani kabla ya adhuhuri, alikuwa tayari amewasha gari.

Tulimkuta ng'ombe amelala nyuma ya shamba la mahindi, masikio baridi, macho yametulia vibaya, ndama analia kando. Nilipiga magoti matopeni na suruali yangu ya ofisini. Nadhani sijawaambia, lakini kazi hii niliisomea. Ilikuwa homa ya maziwa. Nilimtia kalsiamu mshipani, polepole, huku Bathsheba ameshika kichwa akimnong'oneza maneno ya kumbembeleza. Nilihesabu mapigo ya moyo wake mara mbili; kwa ajili ya Mkurugenzi, nilijiambia. Mara ng'ombe akatetemeka mwili mzima, akabeua, akajikusanya, akasimama. Bathsheba alilia. Mimi niliingiwa na vumbi jichoni, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

"Mama," nikasema, "mwambie Mkurugenzi kazi imekamilika."

"Mkurugenzi gani?" Alivivua visikizi, akavifuta kwa leso. "Simu nilimwachia Linda alipobaki akimchunga ng'ombe, ampigie jirani hali ikizidi. Hivi havijawahi hata kuwekwa chaji."

Majirani waliokuwa wamejaa uani walicheka hadi ndama akanyamaza kuwasikiliza.

Habari zikaenea Borabu yote. Jumatatu iliyofuata, benchi letu lilijaa wafugaji, kila mmoja na visikizi vyake, kila mmoja akimweleza Mkurugenzi mambo yetu kwa sauti. Tulijua wanadanganya. Lakini je, kama mmoja wao hadanganyi? Tukawahudumia wote, tena mbio. Kuku wakachanjwa. Josho lililokauka tangu zamani likatiwa maji na dawa. Dereva alishinda akiendesha gari mpaka akasahau jinsi ya kulala.

Katikati ya pilikapilika hizo aliingia mzee mmoja wa suti ya kijivu, masikio matupu, akamwambia Sheila kwamba yeye ndiye Mkurugenzi, amekuja kutukagua.

Sheila alimtazama sikio hili, akamtazama na lile, kwa huruma.

"Keti pale nyuma, mzee wangu," alimwambia. "Tunaanza na wale wanaoongea na Mkurugenzi."