Mbweha Mweupe Bila Utabiri wa Hali ya Hewa

Ijumaa, 20 Desemba
Mama kasema mkesha wa Krismasi atakaa kwa dada yangu Gunnvor. Tena! Mwaka wa tisa! Sababu ni moja tu: Gunnvor ndiye mwenye mkanda wa video wa katuni ya mbweha mweupe, uliorekodiwa kutoka kwenye televisheni mwaka 1986. Bila mbweha, kwetu si Krismasi. Picha inatetemeka, sauti inakwaruza. Mbweha anakanyaga ziwa lililoganda, anaelekea kwao, mara katuni inakatika, anatokea bwana wa utabiri wa hali ya hewa. Hapo ukoo mzima tunapiga makofi: "Kafika nyumbani!" Ndipo uji wa mchele unapakuliwa.

Nimemwomba Mungu anipe njia.

Jumamosi, 21 Desemba
Kanipa! Maktaba ya mji wa Hamar ina diski ya katuni ileile, nzima, safi kama maji. Nikampigia Mama simu. Akasema, Asbjørn mwanangu, ule mkanda unatosha. Nikamwambia kwangu atamwona mbweha hadi ndevu. Kakubali, shingo upande.

Gunnvor naye kapiga: eti tangu utotoni mimi ni mwizi wa mama. Nimemsamehe. Nimemwalika pia, aje aone mwenyewe.

Jumanne, 24 Desemba
Ee Bwana!

Tulitoka kanisani, tukajaa sebuleni kwangu watu tisa. Mbweha kakanyaga barafu. Tukainua mikono tupige makofi. Bwana wa hali ya hewa hakutokea. Barafu ikapasuka. Mbweha akazama! Akazama kabisa! Mimi nimeganda, mikono juu. Wajukuu wa Gunnvor wakapiga yowe. Mume wake, mkata magogo, katoka nje kwenye theluji bila koti.

Mama ndipo akasema, polepole, kwamba utabiri ule aliurekodi yeye, makusudi, juu ya mwisho wa katuni. Kwa ajili yangu. Eti nilipomwona mbweha akizama mara ya kwanza nililia siku nne, nikasusa hata mbavu za nguruwe za Krismasi; mimi sikumbuki. Gunnvor akauliza nilikuwa na umri gani. Kumi na minne, akasema Mama. Kumi na minne! akapiga kelele Gunnvor, na sauti imeshakuwa nzito!

Wameondoka wote. Mama pia. Uji umebaki sufuriani.

Ijumaa, 27 Desemba
Nimetubu kwa machozi. Kiburi tu kile. Nimemwahidi Mama: mwakani kwa Gunnvor, mkanda uleule, nami kimya.

Nimerudisha diski. Mhudumu wa maktaba kaniambia katuni ina sehemu ya pili. Sikuuliza inaishaje; muumini hana haja. Bila shaka mbweha anafufuka. Nimeshaiwekea jina langu, niiazime Krismasi ijayo. Gunnvor nitamkalisha mbele kabisa.