Jinsi Clemens Alivyokitwaa Kiti cha Expert

Jongeeni, enyi wana wa nyanda za baridi, mnaoshika kikombe cha chai kwa mikono miwili! Tegeni masikio, kwa maana lori la mbao limekwisha kuiacha Njombe, na mbele kwa dereva, magoti yakimgusa kidevu, ameketi Clemens wa Mawengi, Mnoa Misumeno, Baba wa Makali, aendaye Makambako kuupigania mgongo wake.

Vita vilianzaje? Palifanyika semina ya siku mbili katika yadi ya mbao. Wageni walipoondoka walisahau kiti cha plastiki kilichobandikwa karatasi yenye herufi nene: EXPERT, yaani mtaalamu. Conjesta, muuza chai, akakiweka jirani na jiko lake la mkaa. Ilikuwa Juni, na Juni ya Njombe haina mzaha. Makalio yote yakakitamani.

Ndipo akasimama Vitus, karani mstaafu, Bwana wa Vyeti Vitatu, akanguruma: "Expert ni mtu wa cheti! Neno lenyewe limezaliwa ofisini. Wewe Clemens uliishia darasa la nne, tena mara mbili!"

"Mara tatu," akajibu Clemens, maana ukweli ni ngao. "Madarasa yangu nimeyaokota njiani, Manda kidogo, Mawengi kidogo. Lakini hilo neno lina kwao, bwana. Nitakwenda nikaliulize."

Conjesta akakata shauri: atakayeleta asili ya neno kabla ya jua kuzama, kiti ni chake mpaka baridi iishe.

Sasa huko Makambako yuko Hajira, mshonaji, mwenye kamusi nene ya Kiingereza itajayo hata babu wa kila neno. Lakini lo! Clemens alipopiga hodi, aliikuta kamusi imelala chini ya mguu wa cherehani, imeubeba kama punda.

"Shikamoo, mzee. Kusoma, soma. Kuitoa, hapana. Nina sare ishirini za shule, na sakafu hii imebonyea."

"Nitaisomaje imekaliwa na chuma, mwanangu?"

"Ndiyo maana nakwambia hapana."

Hapo Mnoa Misumeno akachomoa silaha yake, msumeno mdogo, akaomba kipande cha mbao kwa dereva, akaingia vitani. Kabari ya kwanza, ya kushika mahali pa kamusi, ilikuwa nene. Cherehani ikainama kama inayoomba radhi. Ya pili nyembamba, ikatetemeka. Ya tatu ikapasuka. Ya nne ikaruka mlangoni ikampiga kuku wa jirani, ambaye hakuwa na upande wowote katika vita vile. Ya tano na ya sita hazisimuliki mbele ya watoto.

"Mzee, pumzika, unywe maji."

"Maji ni ya walioshinda!" akatangaza Clemens, kisha akanywa, maana kiu haina heshima.

Ya saba ikaingia, ikakaa, ikanyamaza. Hajira akakanyaga pedali. Mashine haikutikisika hata unywele. Kamusi ikawa huru!

Hajira, aliyemaliza kidato cha nne, akaipangusa vumbi, akafunua, akawa anasoma na kutafsiri. "Hili ni 'skill', ustadi. Limetoka kwa watu wa kaskazini, kwenye baridi. Lilikuwa na maana ya kupambanua hiki na kile."

"Watu wa baridi? Ndugu zetu hao! Endelea."

"'Craft', ufundi. Zamani lilikuwa nguvu tu."

"Hilo waachie wapasua mbao. Nitafutie expert!"

"Hili hapa. La Kilatini. Aliyejaribu."

"Aliyejaribu akafaulu?"

"Kufaulu sikuoni hapa, mzee. Aliyejaribu."

Clemens akazitazama kabari zilizoshindwa. Akaziokota zote sita, ile ya kuku pia, akazitia mfukoni kama mfalme akusanyaye nyara. Hajira akamwandikia neno na asili yake kwenye karatasi ya kukatia mitindo.

Jua la Njombe lilikuwa bado halijazama alipozipanga kabari mezani pa Conjesta, na karatasi juu yake, akaisimulia kila moja. Vitus akasoma, akavua miwani.

"Hata mimi nimejaribu kukipata kiti hiki, siku nne!"

"Umejaribu kwa mdomo," akasema Conjesta. "Clemens, kaa."

Akakaa. Mgongo ukapata moto. Andikeni, enyi waandishi wa tarehe: alikaa!

Kiti kilipasuka mguu mwezi Agosti. Clemens alikifunga kwa waya. Vitus alipata cheti cha nne. Conjesta aliwashia jiko kabari zote sita. Kuku alipona. Cherehani ya Hajira imesimama hadi leo, na kamusi inazuia mlango usijifunge.