Kuhusu Mguu Wangu na Kobalti Yenu

Ndugu Mkuu wa Maabara,

(Nyumbani wewe ni mpwa wangu, lakini hii ni barua ya ofisi, kwa hiyo nimeketi vizuri.)

Kwa heshima na masikitiko natangaza kwamba tangu Alhamisi mguu wangu wa kulia umepigwa marufuku. Barua yenu inasema nikikanyaga cherehani huku chini, meza yenu huko juu inatetemeka na kazi inaharibika, basi nihamie stoo ya nyuma kabla ya mwisho wa mwezi. Stoo haina dirisha. Macho yangu ya miaka sitini na miwili hayatungi uzi kwenye sindano bila dirisha. Kunihamisha ni kunistaafisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitu ninachoshtakiwa kukiharibu hakionekani. Mtaalamu wako, yule mvaa miwani, alinieleza kwa adabu kwamba mnaingiza mvuke wenye kobalti, metali inayoshika sumaku, ndani ya mashine, mnaupitishia mwale wa elektroni, na pale mwale unapogusa panabaki uzi wa sumaku, mwembamba kuliko unywele mara elfu moja. Mimi nikimwambia mteja suruali yake ipo ila ni ndogo mno haionekani, ataniita mwizi.

2. Mtaalamu huyo huyo alishuka na sumaku kunisaidia kuokota pini sakafuni. Tangu siku hiyo pini zimeng'ang'aniana na mkasi hauachi sindano. Sikuwaandikia barua.

3. Nilipodai ushahidi, akaniletea picha. Uzi ulitakiwa unyooke. Umepinda kushoto, kulia, kushoto, kisha unaruka kidogo. Nikautambua palepale, maana cherehani yangu inachechemea hivyo hivyo tangu nilipoinunua. Nikamwambia huo ni mguu wangu. Akajibu, "Ndiyo maana unahamishwa, Mjomba." Hilo la Mjomba kaliokota kwako.

4. Hapo ulimi ukamteleza. Alisema kila kona ya uzi ule inaishika nguvu ya sumaku iliyo ndani yake isiteleze ovyo, na kwamba jambo hilo mmelitafuta mwaka mzima kwa nyuzi zilizonyooka, mkaambulia patupu. Kumbe aliyelipata ni mimi, nikishona sare za shule.

5. Kwa hiyo naomba nibaki dirishani. Cherehani ibandikwe namba kama vifaa vingine vya maabara. Jina langu litangulie la huyo mvaa miwani kwenye makala yenu. Na nikiugua goti, maabara ifungwe mpaka nipone, maana sioni mtakuwa mnafanya nini.

Nasubiri jibu kwa maandishi, si kwa kugonga sakafu. Wasalimie wote wa ghorofani, pamoja na mashine. Msalimie na mama yako. Dada yangu bado hajui kwamba unanihamisha, nami si mtu wa maneno.

Mwenzenu katika kazi ya nyuzi,
Fundi wa chini

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimeitazama tena ile picha. Pembeni imeandikwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mkanda wa cherehani ulikatika Jumanne jioni. Jumatano nzima nilikuwa nashona vifungo kwa mkono.