Mwalimu wa Kicheko na Vidonge vya Wifi

Kitendawili. Kila mtu anacho tangu utotoni, hakiozi wala hakiibwi, na bado mimi nilikinunua. Msihangaike kunipa mji. Ni kicheko, na aliyeniuzia tulimwita Mwalimu.

Mwalimu alikuwa na suti moja na ulimi wa watu watatu. Siku moja aliingia zahanati kukwepa jua tu, akaliona bango ukutani: kucheka hupunguza mawazo, hulegeza misuli, huusaidia moyo. Chini ya bango tulikaa sisi wazee kwenye mabenchi, nyuso zimekunjamana kama nguo zisizopigwa pasi. Mwenzetu hakuona wagonjwa pale. Aliona shamba lililoiva, halina mlinzi.

Wiki haikuisha akawa amepanga chumba juu ya duka la fundi cherehani, anatufundisha kucheka kwa kiingilio. Kulikuwa na kicheko cha ini, kicheko cha mapafu na kicheko cha magoti, na hiki cha mwisho ndicho kilichokuwa ghali. Mimi, kwa akili zangu hizi, nikachukua cha magoti. Nilikijua barabara, ila magoti yenyewe hakuna aliyeyaambia: kila jioni nilishuka ngazi kinyumenyume, nikisifu maendeleo yangu. Mwalimu mwenyewe hakucheka hata mara moja.

Tungebaki hivyo, wajinga wenye furaha, lakini siku moja alitamka kwamba anayecheka vizuri hahitaji dawa. Kaka yangu, mwanafunzi mwenzangu, mgonjwa wa presha kwa miaka kumi na moja na bahili tangu kuzaliwa, akavifungia vidonge vyake kabatini. Mkewe, wifi yangu, nesi mstaafu, akambembeleza, akamgombeza, akamnunia. Kaka akamjibu kwa kicheko cha ini. Siku ya nne akaanza kuona nyota mchana.

Wifi akanijia anisihi nimkanye ndugu yangu. Nikamshauri ajiunge na darasa. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula hati ya nyumba. Kisha akasema sawa, atakuja.

Alikuja na mashine yake ya kupimia presha, ile ya kubonyeza mpira. Akamsifu sana Mwalimu, akaomba apime faida za kicheko mbele ya wote, aanze na moyo wa mwenye elimu. Mwalimu alishakunja mkono wa suti kabla hajamaliza, maana sifa ni asali, naye nzi.

Wifi akabonyeza, akasikiliza. Akabonyeza tena.

"Mia mbili na kumi," alisema.

Mwalimu akatugeukia, kifua mbele. "Mmesikia? Mia mbili na kumi. Nani mwingine humu kafika huko?"

Tukapiga makofi. Niseme kweli, mimi nilisimama.

"Mwanangu," wifi alisema taratibu, "huu si mtihani. Mwenye alama hizo haulizwi kesho atakula nini."

Mwalimu akauliza afanye nini, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo hatukuwahi kuisikia.

"Si ucheke?"

Alijaribu. Cha ini kilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Cha mapafu kikageuka kikohozi.

"Mama, vidonge huna?"

"Vidonge? Si ulisema havina kazi?"

"Mtu husema mengi. Kicheko ni kizuri, mama, lakini hakichukui nafasi ya dawa. Nipe."

Wifi hakumtazama yeye, alimtazama mumewe. Kaka alishainuka, anashuka ngazi kuliwahi kabati lake. Ndipo wifi akatoa kikaratasi, akampa Mwalimu vidonge tisa vyeupe, ameze kimoja kila asubuhi.

Baadaye, jikoni kwake, nikamuuliza kama yule kijana atapona. Akasema kijana ni mzima wa afya, mashine ilisoma mia na ishirini, na vile vidonge ni peremende. Ilibidi nishike meza. Kicheko kile hakikuwa cha ini wala cha magoti, na kilinitoka bila kiingilio.

Siku ya kumi Mwalimu akabisha hodi, hana suti. Kaka yuko mezani, ndiyo kwanza amemeza dawa yake.

"Mama," Mwalimu alisema, "vile vidonge ni peremende."

"Umejuaje?"

"Mwaka juzi nilikuwa naviuza mimi. Nikisema ni dawa ya minyoo. Nilivitambua kwa utamu, siku ile ile ya kwanza."

"Na siku nane zilizofuata?"

Mwalimu akavitazama viatu vyake. "Nilimeza, mama. Namba ile ilinitisha. Nimekuja kuona kama vipo vingine."