Shira ya Kibuyu katika Chupa ya Maulidi

Jumatatu, 21 Desemba 1953

Nyota yangu imewaka! Mzee Januari, mkuu wa baa hapa klabu ya Wazungu wa mgodini, anarudi kwao baada ya sikukuu. Bwana Meneja katuita sisi wasaidizi wake, mimi na Maulidi. Kasema atakayetengeneza kinywaji cha kuwapendeza wageni Jumamosi ndiye atakayevaa lile koti jeupe la vifungo vya shaba.

Koti hilo nalitaka kwa kufa na kupona. Mama Limi alishasema binti yake haolewi na muosha glasi.

Maulidi kaagiza shira za chupa kutoka Mwanza. Lebo ya Kizungu, picha ya nanasi. Mvivu! Mimi napika yangu: nanasi, ukwaju, sukari. Athanas, koti ni lako.

Jumatano, 23 Desemba

Shira imeiva. Harufu yake imeita nyuki. Pa kuitia ndiyo taabu. Maulidi kakomba chupa tupu zote, kazifungia stoo, ati usafi. Hasidi hana sababu!

Nikakimbilia kwa Mama Limi. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, mwangaluka mayu. Akaniazima kibuyu chake cha maziwa, kile anachokifukiza moshi kila asubuhi. Akauliza kama nitakiosha kwanza. Nikajibu kwamba fundi hafundishwi. Limi akacheka pembeni. Nadhani ananipenda.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi gani hii! Nimeonja shira. Moshi mtupu, utadhani nimelamba jiko. Sukari imekwisha, sokoni hakuna nanasi. Nimekaa chini nikalia, kweli nimelia.

Baadaye nikala wali wa sikukuu, moyo ukatulia. Mbona Wazungu wenyewe wanavuta kiko kutwa? Moshi wameuzoea.

Jumamosi, 26 Desemba

Balaa tangu asubuhi. Memsahibu, mke wa Bwana Meneja, kakiona kibuyu kwenye kaunta. Kaamuru kitoke nje na wadudu wake. Wadudu gani jamani? Nikaenda jalalani, nikaokota chupa moja ya Maulidi iliyokwisha, lebo safi kabisa, nikamimina shira yangu humo. Akili ni mali!

Jioni wageni wakaonja kinywaji cha Maulidi, wakakiacha mezani. Wakaonja changu, shira na ramu. Kelele! Mhandisi mmoja alisema kinamkumbusha wiski ya kwao. Bwana Meneja akaja anacheka, akauliza shira hiyo nimeitoa wapi. Memsahibu yuko nyuma yake. Nikakumbuka wadudu. Nikainua chupa, nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba imetoka humo humo, haijaguswa na mkono wa mtu.

Akasoma lebo. Akauliza nani kaziagiza chupa hizi. Maulidi akanyoosha kidole. Bwana Meneja akasema kuchanganya vinywaji mtu hufundishwa, lakini kujua cha kuagiza ni kipaji.

Koti limemkaa Maulidi vizuri sana. Inaniuma.

Jumapili, 27 Desemba

Haya! Maulidi kafungua chupa nyingine mbele ya Bwana Meneja. Bwana Meneja katema. Anataka ile ile ya jana kabla ya Mwaka Mpya, la sivyo koti linavuliwa.

Maulidi kaja kwangu mbio, jasho tupu, akaniamkia shikamoo. Mimi, niliyezaliwa naye mwaka mmoja! Nikaitika marahaba, taratibu, nikamwambia asubiri.

Jumatatu, 28 Desemba

Nimemsimulia Mama Limi yote. Kasema nichukue kibuyu, niende moja kwa moja kwa Bwana Meneja niseme kweli, na koti litakuwa langu leo leo. Limi kasema hivyo hivyo, tena kaniita Athanas wangu. Nimefurahi hadi nikajikwaa mlangoni.

Watu wema, lakini biashara hawaijui. Mimi nafungua kampuni! Shira ya kibuyu, chupa za Kizungu. Bwana Meneja akishapenda, atamtafuta mwenye kampuni, na huyo ndiye atakayepewa koti. Nimepika tangu alfajiri. Kibuyu sikukiosha, kwa makusudi.

Lebo mpya anaandika Maulidi, maana ana mwandiko mzuri. Jina la mwenye kampuni nimemwachia achague mwenyewe.